UZI: Rubisko, kimeng'enya kizembe kinacholisha dunia. Asilimia 25 ya maabara sio asilimia 25 ya gunia

Jani_Bichi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Tangu 2025 kuna habari inazunguka kwamba watafiti wa MIT kule Marekani "wameboresha usanisinuru kwa asilimia 25", na kila inaposhewa watu wanahitimisha kwamba basi mavuno yanapanda robo nzima, njaa kwaheri. Nimeona nishushe uzi kabisa maana kazi yenyewe ni nzuri sana ila sicho kinachosemwa, na huwezi kuielewa bila kumjua kwanza mhusika mkuu. Ni mrefu, mvivu wa kusoma ruka mpaka kwenye komenti huko chini.

Mhusika anaitwa rubisko. Ni kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kilichojaa ndani ya kloroplasti za majani, vile vyumba vya kijani ndani ya seli, kazi yake kudaka hewa ukaa na kuiunga kwenye sukari yenye kaboni 5 ambayo wataalamu wanaiita RuBP. Ikiungwa inatoka molekuli ya kaboni 6 isiyokaa hata kidogo, inakatika hapohapo vipande viwili vya kaboni 3 kila kimoja, na kwenye vipande hivyo ndo mmea unatengeneza sukari, wanga, mafuta, mbao, kila kitu. Karibu kaboni yote iliyopo mwilini mwako we unaesoma hapa ilishapitia kwa rubisko fulani kwenye jani fulani.

Sasa kasi yake. Rubisko ya mazao mengi inadaka kama hewa ukaa 3 kwa sekunde. Tatu tu. Kuna kimeng'enya kingine kipo kwenye damu yako, nacho kinashughulika na hewa ukaa hiyohiyo, kinaitwa kaboniki anhaidresi, chenyewe kinaweza kufika karibu milioni moja kwa sekunde! Kwahiyo mmea hauna namna, unafidia kwa wingi, unaijaza tu rubisko kwenye majani mpaka kwenye mimea kama ngano na mpunga inafika karibu nusu ya protini zote zinazoyeyuka ndani ya jani, na inakula kama robo ya naitrojeni ya jani lote. Ndo maana inatajwa kuwa protini nyingi kuliko zote duniani. Shikeni hapo kwenye naitrojeni, nitaparudia.

Na kasi sio ubaya pekee. Hii kitu inachanganya hewa ukaa na oksijeni. Kwenye nyuzijoto 25 hivi, kati ya kila mara nne au tano inazofanya kazi, mara moja imedaka oksijeni badala ya hewa ukaa, na hapo kinachotoka ni fosfoglaikoleti, kitu ambacho hakina faida na kikiachwa kinazuia kazi nyingine. Mmea unalazimika kukisafisha kwa safari ndefu, kinatoka kloroplasti kinaenda kwenye vyumba vingine vya seli, peroksisomu kisha mitokondria, alafu kinarudi, nishati inachomwa njia nzima na hewa ukaa iliyokwisha kudakwa inaachiwa tena nje. Hiyo safari inaitwa fotorespiresheni. Kuna hesabu ilitoka 2016 ikikadiria kwamba kwa Marekani peke yake ngano inapoteza kama asilimia 20 ya mavuno na soya kama 36 kwa sababu hii tu. Na jua likipanda ndo balaa, maana kwenye joto rubisko inazidi kuchanganya, na hewa ukaa nayo inapungua kwenye maji ya ndani ya jani kwa kasi kuliko oksijeni.

Turudi kwa MIT. Hawakuchukua rubisko ya mpunga wala ngano. Walichukua ya bakteria wa familia ya Gallionellaceae, wanaoishi sehemu zenye oksijeni kidogo. Ukoo huu ulishapata umaarufu 2020 pale watafiti wa taasisi ya Weizmann, Israeli, walipopima rubisko za bakteria kibao na kukuta moja ya huko inakimbia mara 22 kwa sekunde. Ina mbio kweli, ila ukiileta kwenye hewa ya kawaida oksijeni inaisumbua sana. Basi jamaa wakaiweka ndani ya bakteria E. koli waliotengenezwa hivi: kama rubisko haifanyi kazi vizuri, huyo bakteria hakui. Alafu wakatumia kifaa chao kinaitwa MutaT7, ni mashine ya kusoma jeni iliyoungwa na protini inayobadilisha herufi za DNA, inatembea juu ya jeni ile moja tu na kuichafuachafua bakteria akiwa hai, sehemu nyingine za DNA zake haizigusi. Wakawakuza kwenye hewa yenye oksijeni ya kawaida, wanaomudu wanabaki, jeni zao zinasomwa, mzunguko unaanza upya. Mwisho wakapata mabadiliko karibu na kitovu cha kazi cha kimeng'enya yanayoifanya iipuuze oksijeni zaidi, na ufanisi wa kudaka hewa ukaa ukapanda mpaka asilimia 25.

Mmeona mmea wowote hapo? Hamna. Ni rubisko ya bakteria ndani ya bakteria mwingine. Ufanisi uliopanda ni wa kimeng'enya, tena aina ambayo sio ya mazao. Nakaribisha maswali.

Kichwa_Ngumu

Mkuu uzi umeshiba ila kuna kitu hakijakaa sawa. Hiki kimeng'enya kina umri wa mabilioni ya miaka, mimea inashindana kila siku nani akue haraka, iweje mpaka leo kimebaki kizembe hivyo? Ama kingekuwa kinarekebishika si kingesharekebika chenyewe? Isije kuwa tunahangaika na kitu kilichofika mwisho.

Jani_Bichi

@Kichwa_Ngumu swali zito hilo, na kuna wanasayansi wakubwa walilijibu kama unavyohisi wewe. Rubisko ilianza kabla hewa ya dunia haijawa na oksijeni ya maana. Oksijeni imeanza kujaa kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, kabla ya hapo kutofautisha hizi gesi mbili halikuwa tatizo la mtu. Ikaja kuleta shida baadae, tena imeletwa na usanisinuru wenyewe.

Alafu angalia kinachotokea pale kati kwa ukaribu. Hewa ukaa na oksijeni zote ni molekuli ndogo, hazina chaji, hazina pembe ya kushikia. Rubisko haina kishimo maalumu cha kuipokea hewa ukaa kwanza na kuikagua. Inachoshika ni ile RuBP. Inaibana, kuna ayoni ya magnesi hapo inasaidia, kijikunjo cha protini kinafunga kwa juu, kisha RuBP inageuzwa umbo na kuwa na njaa kali ya kuungana na chochote. Gesi itakayofika ndo inaliwa. Nafasi pekee ya kubagua ni kile kipande kidogo mno cha sekunde ambapo kiungo kinaanza kujengeka: kimeng'enya kinaweza kuvikumbatia vizuri zaidi vile vya hewa ukaa kuliko vya oksijeni. Lakini ukikikumbatia sana kile cha kaboni 6 kinachelewa kukatika. Ukiongeza umakini unapoteza kasi, ukiongeza kasi unapoteza umakini. Tcherkez, Farquhar na Andrews waliandika hilo 2006, kwamba rubisko pamoja na uzembe wake wote huenda kila moja imeshanolewa karibu na kikomo kwa mazingira yake.

Watu wakakata tamaa kiasi. Ila 2019 Flamholz na wenzake wakarudia hesabu kwa data nyingi zaidi, uhusiano ule ukaonekana umelegea kuliko ilivyodhaniwa. Na kuna mwani mwekundu wa baharini, Griffithsia monilis, uwezo wake wa kutofautisha gesi ni karibu mara mbili ya rubisko ya tumbaku na kasi yake wala haijaanguka hivyo. Kwahiyo nafasi ipo. Sio kubwa ya kutisha, ila ipo.

Bi_Mdadisi

Sasa kaka si wachukue hiyo ya mwani wakaiweka kwenye mpunga mambo yakaisha? Jeni siku hizi zinahamishwa kama mchezo.

Maabara_Kona

Naomba nimjibu dada @Bi_Mdadisi maana hapa ndo penye machozi.

Dada, rubisko ya mimea ina vipande 16. Vikubwa 8 na vidogo 8. Jeni ya kipande kikubwa ipo ndani ya DNA ya kloroplasti yenyewe, jeni za kipande kidogo zipo kwenye kiini cha seli. Kwahiyo vidogo vinatengenezwa nje, vinaingizwa ndani ya kloroplasti, alafu vinaunganishwa na vikubwa kwa msaada wa kundi la protini saidizi, kuna Raf1, Raf2, BSD2 na wengine. Hizi saidizi zinachagua, haziungi kila kinacholetwa. Jeni za mwani mwekundu zimewahi kuwekwa kwenye tumbaku, 2001 hiyo, Whitney na wenzake Australia. Vipande vilitengenezwa vizuri tu, ila havikuungana kuwa kimeng'enya kinachofanya kazi. Vikabaki vimerundikana.

Mpaka 2017 ilikuwa huwezi hata kuijaribu rubisko ya mmea ndani ya bakteria, kwa sababu bakteria hana hizo saidizi. Timu ya Manajit Hayer-Hartl, taasisi ya Max Planck Ujerumani, ndo wakaziingiza zote kwa pamoja kwenye E. koli na ile rubisko ya mmea ikaungana. Kabla ya hapo kila badiliko ulilotaka kupima ulikuwa unalazimika kulikuza kwenye mmea mzima, unasubiri miezi. Na kubadilisha DNA ya kloroplasti kunakubali vizuri kwenye tumbaku, kwenye ngano na mpunga ni mateso. Ndo maana ukisoma tafiti za eneo hili unakutana na tumbaku, tumbaku, tumbaku. Sio kwamba wanapenda sigara.

Iliyofanikiwa zaidi kwa kupandikiza ni ya 2014, chuo cha Cornell cha Marekani wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza. Waliing'oa jeni ya rubisko ya tumbaku wakaweka ya sayanobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru. Mimea ikaishi kwa rubisko ya kigeni, ila ikabidi ikuzwe kwenye chumba kilichojazwa hewa ukaa nyingi mno, maana ile rubisko ina kasi lakini kwenye hewa ya kawaida haijitoshelezi.

Mkulima_Smart

Nyie wasomi mnazunguka sana aisee. Mimi nauliza kitu kimoja, kimeng'enya kikiwa bora kwa asilimia 25 gunia linaongezeka au haliongezeki?

Jani_Bichi

@Mkulima_Smart linaweza kuongezeka ila sio kwa 25, na hii ndo sababu nimeanzisha uzi.

Jani lina hatua mbili zinazogombea nani awe kikwazo. Moja ni rubisko kudaka hewa ukaa. Nyingine ni kurudisha ile RuBP ili kuwe na cha kuunganishia, na hiyo inategemea mwanga, maana nishati yake inatoka huko. Farquhar, von Caemmerer na Berry waliliweka hili kwenye modeli 1980 na mpaka leo ndo inatumika. Jani la juu linalopigwa na jua kali lina nishati ya kumwaga, kikwazo chake ni rubisko. Jani la chini lililofunikwa na wenzake kikwazo chake ni mwanga, hapo hata ukiweka rubisko ya malaika haisaidii. Ni kama foleni mbili, ukimuongezea mbio mhudumu wa dirisha la pili wakati watu wamekwama dirisha la kwanza, anakaa tu anasubiri. Sasa shamba lililofunga vizuri majani mengi yapo kivulini, na asubuhi na jioni hata ya juu mwanga wake mdogo. Ukijumlisha siku nzima na shamba zima ile 25 inakatwakatwa sana.

Kisha bado mmea uamue hiyo sukari ya ziada inaenda kwenye nafaka au kwenye majani na mabua. Hilo nalo halina uhakika.

Na cha kuchekesha, mafanikio yaliyopatikana kwenye mimea mpaka sasa mengi hayakubadilisha kimeng'enya chenyewe hata kidogo. Chuo cha Tohoku cha Japani walitoa matokeo 2020, mpunga uliotengenezewa rubisko nyingi zaidi, ileile ya kawaida, ukatoa mavuno ya juu mpaka asilimia 28 lakini pale tu walipoweka mbolea ya naitrojeni ya kutosha. Umeona naitrojeni imerudi? Kwenye mahindi 2018 waliongeza rubisko kwa zaidi ya asilimia 30, uzito wa mmea ukapanda kama 15. Mradi wa RIPE, ule unaoongozwa na chuo kikuu cha Illinois, 2019 walikata njia ya mkato kwenye fotorespiresheni ndani ya tumbaku ili ule uchafu usafishwe palepale kwenye kloroplasti bila safari, uzito ukapanda mpaka kama asilimia 40 shambani. Rubisko haikuguswa. Ila tumbaku ni majani, hujapima nafaka hapo.

Kichwa_Ngumu

Hao RIPE si ndo walisema na soya imepanda robo? Nakumbuka ilipigiwa tarumbeta kweli.

Jani_Bichi

Ndo haohao, 2022. Pale walichezea namna jani linavyozima ule mfumo wa kujikinga na jua kali likiingia kivulini, lirudi kazini haraka. Msimu wa kwanza wastani ulizidi asilimia 20. Msimu wa pili hali ya hewa ikalaza mimea shambani na faida haikuonekana kitakwimu. Magazeti yakaandika msimu wa kwanza.

Mama_Shamba

Samahani wanangu mie naingia nimechelewa. Hii hewa ukaa si inaongezeka kila mwaka? Kama rubisko shida yake ni kukosa hewa ukaa ya kutosha basi si tatizo litajimaliza lenyewe?

Maabara_Kona

Shikamoo mama. Ni kweli imeshapita sehemu 420 kwenye kila milioni, na kwa rubisko peke yake hiyo ni afadhali, oksijeni inapata ushindani zaidi. Majaribio ya kupuliza hewa ukaa shambani kwenye uwanja wa wazi yamefanyika miaka mingi na mazao kama ngano, mpunga na soya kweli yanapanda, ila kwa kiasi kidogo kuliko kilichotegemewa kutokana na majaribio ya kwenye vyumba. Na nafaka zake zinakuwa na protini, chuma na zinki pungufu.

Alafu mama, hewa ukaa haiji peke yake, inakuja na joto. Joto linaongeza ule uchanganyaji aliosema mleta uzi hapo juu, na kuna kitu hajakigusa bado: aktivesi. Rubisko inaziba. Kuna sukari zinazofanana na RuBP zinang'ang'ania pale kati na kimeng'enya kinakwama kabisa. Aktivesi ni protini inayokuja, inatumia nishati, inavuta vipande vya rubisko mpaka ile sukari inachomoka. Iligunduliwa miaka ya 80 na watafiti wa Marekani, kina William Ogren. Ubaya wake ni mwepesi kuharibika kwa joto, inaanza kulegea wakati rubisko yenyewe bado nzima kabisa. Kwahiyo siku ya jua kali jani linaweza kuwa na rubisko tele na nyingi zimeziba.

Jani_Bichi

Umenivua nguo mkuu, hiyo nilikuwa nimeiwekea posti yake. Niongezee tu kwamba kwa maoni yangu hapo kwenye aktivesi ndo pa kuweka hela kwanza. Watu wa chuo cha Lancaster, Uingereza, wameonyesha 2020 kwamba kwenye aktivesi moja ya ngano, kubadilisha asidi amino (tofali la kujengea protini) moja tu, moja, kunaongeza uvumilivu wa joto. Hii inaweza kufanywa kwa kuhariri jeni iliyopo tayari kwenye ngano, jeni ya kwenye kiini, huna haja ya kugombana na kloroplasti wala vipande 16. Haina mvuto wa kuandikwa "usanisinuru mpya" ila inagusa saa zilezile ambazo rubisko ndo kikwazo, yaani jua kali mchana.

Bi_Mdadisi

Na mahindi je? Nilisoma mahali mahindi hayana hili tatizo.

Maabara_Kona

Yanalo kidogo sana. Mahindi, mtama, miwa vina utaratibu wa C4. Hewa ukaa inadakwa kwanza na kimeng'enya kingine kisichoijua oksijeni, inasafirishwa ndani kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, inaachiwa huko kwa wingi na rubisko ipo hukohuko inasubiri. Kwakuwa imezungukwa na hewa ukaa haina haja ya umakini, kwahiyo rubisko za C4 zimeelekea kuwa na kasi zaidi. Mimea imeubuni huu utaratibu zaidi ya mara 60 kwa nyakati tofauti, kila ukoo kivyake! Kuna mradi wa kuutia kwenye mpunga tangu 2008, ulianzia IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, ila ni kubadilisha mpaka maumbile ya jani kwa ndani, kwahiyo unaenda mdogomdogo.

Mwani nao wana yao, rubisko inarundikwa kwenye donge linaitwa pirenoidi na hewa ukaa inasukumwa humo. Chuo cha Edinburgh 2020 walifanikiwa kuifanya rubisko ijikusanye donge kama hilo ndani ya mmea wa majaribio. Donge limepatikana, pampu za kuleta hewa ukaa ndo kazi iliyobaki.

Jani_Bichi

Na hapo ndo ile rubisko ya MIT ingekuwa na maana kwa mtazamo wangu. Sio kuipeleka uchi kwenye jani la mpunga, hapana, ila ndani ya chumba kama hicho chenye hewa ukaa tele, kasi yake ingetumika. Kwa sasa faida yao kubwa ni ile mbinu, wameonyesha unaweza kuisukuma rubisko ibadilike ndani ya bakteria hai kwa uharaka, na ukijumlisha na saidizi za Hayer-Hartl unaweza kufikiria kufanya hivyohivyo kwa rubisko ya mmea.

Mkulima_Smart

Sawa nimeelewa sasa. La mwisho: hii naitrojeni uliyosema utaparudia hujaparudia vizuri.

Jani_Bichi

Kweli bhana. Ni hivi, rubisko ikiwa bora kwa asilimia 25 mmea ungeweza kuamua kuwa na rubisko pungufu na ukafanya kazi ileile. Naitrojeni iliyokuwa imefungiwa humo inabaki huru. Kwahiyo faida isionekane kwenye gunia, ionekane kwenye mbolea: mavuno yaleyale kwa mbolea kidogo. Tatizo ni kwamba mmea haujui kwamba umepewa kimeng'enya bora, utaendelea kuirundika kama zamani mpaka mtu apunguze jeni za kile kipande kidogo, maana hizo zikipungua rubisko yote inashuka. Mbinu hiyo ipo, kwenye tumbaku na mpunga watu walishapunguza hivyo muda mrefu kwa ajili ya kupima tu. Kwahiyo ukiona habari nyingine ya rubisko mpya angalia kwanza kama wamepima kwa kila gramu ya naitrojeni ya jani au wamepima kasi ya kimeng'enya kwenye kijichupa.